Mchawi wa Kitabuni Afika Mji Kasoro Bahari

Jumatatu ya Februari 13, 2023, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuwa vitabu 16 vimepigwa marufuku katika shule zote nchini. Vinakwenda, alisema, kinyume cha mila, desturi na maadili ya Kitanzania. Vingi kati ya hivyo ni vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney: visa vya Greg, mvulana mvivu na mchoyo kidogo, aliyechorwa kwa mistari michache kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kumwiga pembeni mwa daftari la hesabu. Vichache vilivyosalia vilihusu masuala ya jinsia.

Nilipoisoma orodha ile nilimtafuta mtu mmoja nikamkosa. Harry Potter hakuwamo. Yule kijana mwenye miwani ya duara na kovu kwenye paji la uso, anayelala bweni katika shule ambayo somo lake kuu ni uchawi, alipita getini bila kupekuliwa. Aliyerudishwa nyumbani ni Greg, ambaye hata mchezo wa kiinimacho haujui.

Katika nchi ambayo uchawi umetungiwa sheria tangu 1928, jambo hilo si la kupita hivihivi.

Anayetaka kulitazama kwa karibu aje Morogoro. Mji kasoro bahari una kila kinachohitajika kwa mabishano ya dini, kuanzia wabishi wenyewe. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kabla karne haijaisha walikuwa wamekwishapanda Uluguru. Jimbo Katoliki la Morogoro likaundwa 1953. Waislamu wana chuo kikuu chao hapa, kilichofunguliwa 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO. Walutheri wana seminari, Wasabato wana Jumamosi yao, na makanisa ya kilokole yana vipaza sauti ambavyo wakati wa mikutano ya injili vinasikika mpaka usiku. Nyuma ya wote hao umesimama mlima. Upande wa mashariki wa Uluguru watu walimwendea Kolelo, mzimu wa pangoni ambaye wengine walimweleza kuwa ni joka kubwa. Sifa zake zilivuka milima, na wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jina lake lilitajwa pamoja na habari za dawa ya maji.

Mtoto anayekulia Bigwa au Kilakala, basi, hahitaji Mwingereza wa kumtambulisha kwa majini. Ameyasikia kwa bibi kabla hajajua kusoma.

Tuseme ukweli, Potter si wa watoto wote wa mji huu. Anasomwa kwa Kiingereza, na kitabu cha tano peke yake kina kurasa zaidi ya 700. Makazi yake ni shule za mchepuo wa Kiingereza, zile ambazo mabasi yake yanazunguka Kihonda na Forest kabla jua halijachomoza. Wengine wanamjua kwa filamu, tena katika vibanda umiza, ambako dijei anaongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kuongeza vichekesho vyake mwenyewe. Mabishano haya ni ya wazazi wanaolipa ada. Na ndani yake kuna aibu moja isiyosemwa: mara nyingi mtoto anakimaliza kitabu cha Kiingereza haraka kuliko mzazi aliyemlipia hiyo ada. Mama anabaki na jalada. Anaona kijana kapanda fagio. Anaona mnara, usiku, nyoka. Anaona bundi.

Bundi! Ni nyumba ngapi hapa mjini ambako bundi akitua juu ya bati usiku hakuna anayepata usingizi tena? Katika vitabu vya J.K. Rowling bundi ni tarishi, analeta barua za shule wakati wa kifungua kinywa na kudonoa mkate wa mwenye nyumba. Mtoto anacheka. Mama anakumbuka usiku ule bundi alipolia na asubuhi yake ikaja simu ya msiba. Hapo hawasomi kitabu kimoja. (Fagio, kwa upande wake, halimsumbui mtu sana. Wachawi wa kwetu, kama magazeti ya udaku yanavyotuarifu kila wanapodondoka, wanasafiri kwa ungo.)

Vitabu vyenyewe vinafika kwa njia za ajabu. Kwenye meza moja ya vitabu vya mtumba katikati ya mji, katikati ya kamusi zisizo na jalada na mitihani ya miaka iliyopita, nilikikuta kitabu cha pili cha mfululizo. Uti wake umelegea, kurasa za mwanzo zina duara la kikombe cha kahawa, na ndani kimepigwa muhuri wa maktaba ya shule ya msingi ya huko Marekani. Juu ya muhuri huo kuna mwingine, mwekundu, unaosema kimeondolewa rafuni. Sababu ya kuondolewa haikuandikwa. Inawezekana kilichakaa tu. Muuzaji, kijana aliyevaa jezi ya Mtibwa Sugar, alinieleza kuwa wazazi wanakiokota, wanatazama jalada, wanakigeuza nyuma, kisha wanakirudisha mezani. Baadaye mtoto anarudi peke yake na hela mkononi.

Siwacheki wazazi hao. Wana hoja, na hoja yao ina maandiko. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, linawaorodhesha waaguzi, walozi na wanaotafuta habari kwa wafu, na kuwahesabu wote kuwa chukizo. Matendo ya Mitume, sura ya 19, inasimulia jinsi waumini wapya wa Efeso walivyokusanya vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu. Vilipohesabiwa thamani ilifika vipande 50,000 vya fedha. Kwa Waislamu, aya ya 102 ya Surat al-Baqara inamtakasa Nabii Suleiman na tuhuma za uchawi na kuwarejeshea mashetani jambo hilo, kisha inawataja Harut na Marut wa Babil, ambao hawakumfundisha mtu kabla ya kumtahadharisha. Shehe anayesema sihiri ni katika madhambi makubwa hajabuni kitu. Mchungaji vilevile.

Na hoja ina damu pia. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka hamsini. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mganga alimwambia mtu kuwa mkono wa binadamu unaleta madini au kura. Januari 2015 serikali ililazimika kutangaza marufuku dhidi ya wapiga ramli. Mtoto wa London akivaa joho jeusi na kushika kijiti, mama yake anampiga picha. Hapa kwetu kuna kina mama ambao wamehamishwa kijiji kwa neno la jirani mmoja. Mzazi wa Morogoro anayeuliza kwa nini mwanawe asome kitabu ambamo kuna wachawi wema, watanashati na wenye marafiki, anauliza swali ambalo wenzake wa Ulaya hawajawahi kulazimika kuliuliza kwa uzito huo.

Hata hivyo wenzake wameuliza, tena kwa kelele. Kitabu cha kwanza cha Potter kilitoka London Juni 26, 1997, na kilipovuka Atlantiki mwaka uliofuata vita vikaanza. Chama cha Maktaba cha Marekani kinautaja mfululizo huo kuwa uliopingwa kuliko vitabu vyote nchini humo kati ya mwaka 2000 na 2009. Desemba 30, 2001, huko Alamogordo, New Mexico, Mchungaji Jack Brock na waumini wake waliwasha moto nje ya kanisa na kuvitupia humo. Miongoni mwa waliotupiwa pamoja na Potter ni J.R.R. Tolkien, Mkatoliki wa misa na kitubio, ambaye asingeelewa kosa lake. Georgia, mama mmoja aitwaye Laura Mallory alipambana na bodi ya shule za Gwinnett kuanzia 2005, akashindwa huko, akaenda mahakamani 2007, akashindwa tena. Mwaka 2019 mapadri wa Gdańsk, Poland, waliwasha moto wao; mwaka huohuo shule moja ya Kikatoliki ya Nashville iliondoa vitabu hivyo maktabani kwa sababu padri wake aliamini kwamba maneno ya uchawi yaliyomo ni ya kweli na mtoto akiyasoma anaweza kuita pepo.

Vatican yenyewe haikuwa na sauti moja. Februari 2003 Padri Peter Fleetwood aliwaambia waandishi wa habari kuwa haoni tatizo katika vitabu hivyo. Mwezi uliofuata Kardinali Joseph Ratzinger alimwandikia Gabriele Kuby, mwandishi wa Kijerumani, kumshukuru kwa kuvikosoa. Miaka miwili baadaye kardinali huyo akawa Papa Benedikto wa 16, na barua ikageuka habari ya dunia nzima. Upande wa Ghuba, Falme za Kiarabu ziliviondoa katika shule binafsi mwaka 2002, pamoja na Animal Farm ya George Orwell, ambayo sisi tumekuwa tukiisoma kwa raha zetu kama Shamba la Wanyama tangu Fortunatus Kawegere alipoitafsiri miaka ya sitini.

Hayo ya wenzetu yatoshe. Ya kwetu yana utamu zaidi, na nashangaa kwamba wanaobishana huku hawayataji.

Mwaka 1864 alishuka Unguja mmisionari wa Kianglikana, Edward Steere. Miaka sita baadaye alichapisha London mkusanyiko wa ngano alizozisikia kwa Waswahili, Swahili Tales. Ndani yake kuna paa anayesema kama mtu, anayemwozesha masikini binti wa sultani na kuua nyoka wa vichwa saba. Kuna nunda, paka aliyeachwa akakua mpaka akawa anakula watu. Huyu si mtu aliyekuwa akicheza na imani. Ndiye aliyekuja kuwa askofu na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Alifanya kazi ya kuyaweka Maandiko katika Kiswahili, na kalamu hiyohiyo ikamwandika nunda. Hakuona kwamba kazi moja inaiharibu nyingine.

Walimfuata wengine. Mwaka 1940 Elisi katika Nchi ya Ajabu, hadithi ya mtoto anayetumbukia kwenye shimo la sungura na kuzungumza na paka anayetoweka akaacha tabasamu, ilitoka kwa Kiswahili ikichapishwa na Sheldon Press. Sheldon lilikuwa jina la uchapishaji la SPCK, shirika la Kianglikana lililoundwa kwa ajili ya kueneza elimu ya Kikristo. Kabla ya hapo, 1929, Mashimo ya Mfalme Sulemani ilikuwa imetafsiriwa, na kikongwe mchawi Gagool akaingia madarasani akakaa humo kwa vizazi. Wazee wengi wanaosali misa ya kwanza leo walimsoma Gagool wakiwa na kaptura. Hakuna aliyewaombea wafunguliwe.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, liwali mwema ana siri. Kila usiku anawatoa manyani wawili, anawachapa mijeledi, kisha analia nao, anawalisha kwa mkono wake. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliotaka kumwangamiza kwa husuda, na jini ndiye aliyewageuza na kumwamuru Adili awape adhabu hiyo. Ukikisimulia kisa hiki kwa mtu asiyemjua mwandishi, bila jina wala jalada, atakwambia ni cha kishetani: jini, watu waliogeuzwa wanyama, mijeledi ya usiku. Kumbe mwandishi ni Mwislamu mcha Mungu, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, na kitabu chake hakina kurasa tatu mfululizo bila mawaidha. Mtoto aliyekisoma hakutoka akitafuta jini. Alitoka akijua kwamba husuda inamnyang'anya mtu utu wake, na kwamba hata anayestahili kuadhibiwa anaweza kuliliwa.

Nenda hata kwenye tamthilia. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji, alimtoa mtu mtoni akiwa mkavu baada ya kukaa humo na pepo Hongo. Wanafunzi wa sekondari wameisoma na kuijibia mitihani miaka na miaka. Swali la mtihani halikuwa kama Hongo yupo. Lilikuwa watu wanafanya nini wakishaamini kwamba risasi itageuka maji, na anayewaongoza ana dhamana gani anapoanza kuwa na shaka mwenyewe. Hilo ni swali ambalo kijana yeyote wa mji huu, aliyekulia kati ya mimbari, madhabahu na vilinge vya waganga, analihitaji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kukichoma kitabu, ingawa naheshimu hofu yao. Bibi zetu walikuwa na utaratibu. Kabla ya zimwi kuingia, msimulizi aliita hadithi, na watoto wakaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo ulialikwa kwa jina lake, mbele ya watu wote, ukakaribishwa mlangoni, na ulipokwisha kazi ukaagwa. Mtoto wa miaka mitano alijua kwamba amekwenda mahali pasipokuwepo na kwamba atarudi. Adili na Nduguze ni hivyo. Elisi ni hivyo. Potter, pamoja na bundi wake, ni hivyo: jalada lake linasema ni riwaya, na mtoto anayesubiri barua ya bundi anajua vizuri kabisa, moyoni, kwamba posta haifanyi kazi hiyo.

Hadithi zinazonitia wasiwasi mimi ni zile zinazoingia bila kuitikiwa. Mwaka 1987 alitoka Nigeria mtu aitwaye Emmanuel Eni na kijitabu cha ushuhuda wake, akieleza maisha chini ya bahari katika ufalme wa giza, kukiwa na miji na maabara huko chini. Kilisambaa Afrika nzima, kikazaa vingine vingi vya namna hiyo, na leo ushuhuda wa kuzimu ni aina ya fasihi inayouzwa nje ya mikutano ya injili, inayopigwa kwenye redio na kutumwa kwa simu usiku. Sisemi kila anayeshuhudia anadanganya. Nasema mtoto anayesoma vitabu hivi anapata joka, malkia wa baharini, watu wanaoruka na damu inayonywewa, yote yaliyomo kwa Potter na zaidi, ila hapa anaapiwa kwamba ni kweli tupu na kwamba dada wa kazi, shangazi au mwanafunzi mwenzake anaweza kuwa mmoja wao. Hadithi imeingia kwa mlango wa kanisa, kwa hiyo hakuna aliyeikagua.

Matokeo yake tumeyaona. Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Shule zilitajwa miongoni mwa mahali palipoingiliwa. Kinshasa, watoto wamefukuzwa majumbani wakiitwa wachawi, wengine baada ya mchungaji kuwanyooshea kidole. Na sisi tulikuwa na homa yetu ya Freemason. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, uvumi wa Freemason ulizunguka msibani kabla hajazikwa. Mpaka leo tembea hapa mjini utakuta karatasi kwenye nguzo ya umeme, mwandiko wa kalamu ya wino mzito, ikikualika ujiunge Freemason upate utajiri, na namba ya simu chini. Waliopiga namba hizo na kutuma hela hawakuwa watoto waliosoma riwaya. Walikuwa watu wazima walioamini.

Anayemvamia kikongwe usiku na panga si mtu mwenye ndoto nyingi kupita kiasi. Ni mtu mwenye uhakika kupita kiasi. Mganga kamwambia, naye hana hata chembe ya ule mchezo wa kuuliza 'ingekuwaje kama'. Mimi naamini, na hii ni rai yangu, kwamba mtoto aliyezoea kuingia na kutoka katika hadithi za kubuni ana kinga fulani ambayo mwenzake hana: anajua harufu ya kitu kilichotungwa.

Turudi kwenye marufuku, maana ina mambo. Ukichunguza ni vitabu gani vilivyowahi kubanwa na mamlaka katika jamii zinazoamini majini, utaona kwamba majini mara nyingi yanasamehewa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kijana aliyelelewa katika seminari ya Kikatoliki, ilitoka 1971 ikazuiwa shuleni. Kisa kilikuwa binti na wanaume, si mizimu. (Baadaye kitabu hichohicho kikarudi darasani kama kitabu cha kiada cha fasihi. Marufuku nayo ina umri.) Cairo, 1985, mahakama iliamuru kukamatwa kwa nakala za Alfu Lela Ulela. Kitabu kile kimejaa majini tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini kosa lililosomwa mahakamani lilikuwa uchafu wa mambo ya chumbani. Na orodha ya Dodoma ya 2023 ni ya ukoo huo. Serikali ililinda maadili ya mwili. Habari ya roho iliwaachia wenye roho.

Nadhani hapo serikali ilifanya vyema kuliko ilivyokusudia. Wizara haina kipimo cha kujua kama bundi wa Rowling anafungua mlango wa pepo. Ikianza kupima hilo itabidi imguse na Shaaban Robert. Ila kuna pengo ambalo wizara na viongozi wa dini wote wanaliruka. Taasisi ya Elimu Tanzania inapitia vitabu vya kiada na vya ziada na kuvipa ithibati. Vitabu vya hadithi vya Kiingereza vinavyoshushwa kwa maboksi, msaada kutoka Marekani na Uingereza, vinaingia maktabani kwa mlango mwingine. Katika shule nyingi anayevipokea ni mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki na ufunguo wa kabati. Havisomi. Akisikia malalamiko anafunga kabati. Akija mgeni wa wilaya analifungua. Maktaba inakuwa ya kuonyeshwa. Marufuku ya kimyakimya ya namna hiyo imewanyima watoto wa Morogoro vitabu vingi kuliko tamko lolote la waziri, na haina dini.

Waefeso wale, tukumbuke, walichoma vitabu vyao wenyewe, walivyovitumia kwa kazi ya uganga na walivyovijua ukurasa kwa ukurasa. Hawakuingia maktaba ya shule kuchoma wasichokifungua.

Sitaki kumtetea Potter kuliko anavyostahili. Vitabu vya mwisho vina mauaji mengi kwa mtoto wa miaka tisa, na mzazi anayesema subiri kidogo ana haki yake, kama mwalimu wa madrasa alivyo na haki ya kumweleza mwanafunzi wake kwa nini Uislamu hauchezi na sihiri hata kama ni ya mwanasesere. Mazungumzo hayo ndiyo yanayokosekana. Kingine kinachokosekana ni washindani. Mtoto aliyeshiba Kolelo, aliyesoma riwaya nono ya Kiswahili ya kijana wa Kiluguru anayepanda mlima kumtafuta yule joka pangoni na kukuta swali badala ya jibu, hatakuwa na njaa sana ya ngome za Uskoti. Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2015, imeonyesha kwamba Kiswahili kinaubeba upuuzi mtamu wa kitoto bila kutoka jasho. Mlima uko palepale. Waandishi wanaoishi chini yake, katika vyuo vikuu vya mji huu, mnasubiri nini?

Na kwa masheikh, mapadri na wachungaji wa mji huu nina ombi moja dogo. Kabla hamjakitaja kitabu cha mtoto kwenye hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Jumapili, kiazimeni kwa mtoto mwenyewe mkisome mpaka mwisho. Kisha mwiteni, awasimulie kwa Kiswahili alichokielewa, mbele ya mama yake. Mkishamsikiliza, hukumuni.